Ndiyo Yangu Ilifungiwa Kwenye Droo

Tangu nirudi mnaniingilia dukani mmoja mmoja, mnashika pazia kama mnaotaka kununua, halafu mnauliza, "Eti Mama Upendo, ilikuwaje?" Nimeeleza mpaka sauti imekauka, na kila nikieleza presha inapanda upya. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mnunue pazia au mniache nifanye kazi. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, kila mtu wa Kariakoo anayajua. Nitasema yaliyonipata, na nitayasema kwa hasira kwa sababu hasira bado ninayo.

Guangzhou, ghorofa ya kumi na moja

Kwa msionifahamu vizuri: nauza mapazia Mtaa wa Narung'ombe, ni mjane, na nina mtoto mmoja tu, Upendo, anayekaa nyumbani kwetu Magomeni. Mwaka huu nilihamia Guangzhou nikipanga kukaa miezi minne, maana nilichoka kuagiza pazia la rangi ya maziwa nikaletewa la njano. Nikapanga chumba ghorofa ya kumi na moja, nikanunua sufuria na jiko la umeme, nikajiona mwenyeji.

Jioni ya kwanza nikafungua WhatsApp nimwambie Upendo nimefika salama. Kiduara kikazunguka. Nikajaribu barua pepe, kikazunguka. Nikajaribu Google niulize kwa nini kinazunguka, nako kikazunguka. Nikaizima simu nikaiwasha, nikaifuta kwa kanga, nikaipandisha dirishani. Mama mmoja wa Kikongo wa chumba cha jirani alinikuta nimeinyanyua juu hivyo, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama, simu yako haina ugonjwa," aliniambia kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi. "Huku banafunga yote. Utaruka ukuta kama sisi."

Kuruka ukuta ndiyo kutumia VPN, ile programu inayoidanganya mitambo yao kwamba wewe uko nchi nyingine. Akaniwekea. Ikashika. Nikamwona Upendo anakula chapati, nikalia kidogo, tukalala kwa amani. Kesho yake ikafa. Keshokutwa ikafufuka kwa dakika kumi. Maisha yangu yakawa hayo: asubuhi nachungulia, mchana nachungulia, wakubwa wao wakiwa na mkutano hata pa kuchungulia hapapo. Jamani, nina miaka hamsini na minne. Nimezaa, nimezika mume, nimeendesha duka. Halafu mtu nisiyemjua, aliyekaa ofisini nisikokujua, anaamua kwamba mimi kumsalimia mwanangu ni jambo la kuzuiliwa. Na huna pa kulalamika, kwa sababu ukilalamika kwenye mtandao, mtandao wenyewe ndio uliofungwa.

Ilibaki njia moja iliyo wazi, programu ya Kichina ya ujumbe, ambayo nyumbani sisi wafanyabiashara tunaitumia kuagizia mzigo. Ndugu zangu hawana. Iko kwenye simu moja tu, simu ya duka, ambayo tunaiita simu ya China. Na simu ya China ina sheria niliyoitunga mwenyewe baada ya kuibiwa ile ya kwanza stendi: haitoki dukani. Duka likifungwa, inafungiwa kwenye droo, na ufunguo wa droo anakaa nao Damas, mtu mzima mwenzangu aliyenisaidia kuuza mapazia miaka kumi na tano. Ishikeni sheria hiyo, tutairudia.

Sasa posa. Upendo ana mchumba anaitwa Joel Temba, kijana wa Kigamboni, Mchaga mwenzetu. Kazi yake ni kupiga video za vyakula vya mitaani na kuziweka mtandaoni. Krismasi iliyopita, mbele ya ukoo mzima, nilimwambia, "Kazi gani hiyo? Siku wakizima mtandao mtakula nini?" Watu walicheka. Joel alicheka pia, lakini hakumaliza nyama yake. Tangu siku hiyo ukoo wote ukajua Mama Upendo hamtaki kijana, na mimi, Mungu anisamehe, sikuwahi kukanusha, ingawa kadiri miezi ilivyokwenda nilimwona ni mtoto mwenye adabu kuliko wengi wanaovaa tai.

Katika ukoo wa marehemu mume wangu, wageni wa posa hawaonji chakula mpaka mama wa binti aseme kwa mdomo wake kwamba amewapokea. Akinyamaza, amekataa. Shemeji yangu Elia, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akapanga na akina Temba: Jumamosi saa saba mchana, Magomeni, na mimi nitasema ndiyo yangu kwa video kutoka China. Nikakubali. Nikanunua VPN ya pili, ya akiba. Nikasuka nywele.

Siku yenyewe, saa kumi na mbili jioni ya kule, nilikuwa nimevaa kitenge, nimeegemeza simu kwenye birika, nafanya mazoezi ya kutabasamu. Zilibaki dakika tano. VPN ya kwanza ikafa. Nikawasha ya akiba, ikafa. Nikakimbilia kwa Mkongo, yake imekufa tangu adhuhuri. Laini ya kule haipigi nje ya nchi, laini yangu ya Bongo niliiacha kabatini Magomeni. Nikabaki na programu ya Kichina. Nikapiga simu ya China.

Ikaita vizuri kabisa. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilipiga mara thelathini na moja, na mara zote iliita kwenye droo yenye giza Mtaa wa Narung'ombe, kwa sababu Damas alikuwa amefunga duka mapema aende kula pilau la posa, na alikuwa ameitii sheria yangu. Katikati ya kupiga nikarekodi ujumbe wa sauti, nikautuma huko huko kwenye droo. Kisha nikakaa chini sakafuni na kitenge changu.

Jumapili asubuhi VPN zilikuwa bado maiti. Nikafunga begi moja, nikaacha sufuria, nikaenda.

Uwanja wa ndege, saa tano za kusubiri

Ndege ilichelewa saa tano. Tukapewa tambi za kikombe zinazomiminiwa maji ya moto, na mimi nikazila kwa hasira mpaka nikajiunguza ulimi.

Kwenye kaunta palikuwa na binti wa Kichina, mdogo, umri wa Upendo. Nikamwomba kwa ishara na kwa programu ya kutafsiri aniazime simu yake nipige WhatsApp. Akasoma, akakunja uso, akaandika kwamba samahani, hicho kitu ni nini? Nikajua ananifanyia dharau. Nikapandisha sauti, nikamwandikia, "Hujui WhatsApp? Dunia nzima inaijua!" Akaenda kumwuliza mwenzake. Mwenzake naye akatikisa kichwa.

Hawakuwa wananidharau. Hawajui. Ukuta uliwekwa wangali wadogo, na hakuna aliyewaambia kuna kitu upande wa pili. Niliona haya. Yule binti alirudi na chungwa, akaniwekea mkononi, akanipigapiga begani kama mtu anayempoza mama yake mgonjwa. Nililila chungwa lile nikiwa na hasira mpya, safari hii kwa niaba yake.

Addis, mtandao ulipofunguka

Tulitua Addis Ababa Jumatatu alfajiri. Nikaunganisha simu na mtandao wa uwanja bila VPN, bila kuruka chochote, na ujumbe ukaanza kuingia mfululizo mpaka simu ikapata moto. Nikanunua chai na sambusa ya dengu, nikakaa, nikasoma jinsi nilivyoharibu posa ya mwanangu.

Saa saba: "Mama Upendo, tuko tayari, tunakusubiri." Saa saba na nusu, Elia: "Shemeji, wageni wanaangalia saa." Saa nane wakatuma picha. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, kioo chake cheusi, na nyuma yake wazee wa Temba wamekaa kwenye makochi yangu wakiitazama, na sahani zimefunikwa. Saa tisa: "Wameondoka. Hawakula."

Halafu ujumbe wa Upendo, peke yake, nje ya kundi: "Mama, ungesema tu hapana."

Nikampigia. Haiendi. Nikatuma ujumbe, tiki moja. Nikatazama picha yake, imetoweka, kimebaki kile kichwa cha kijivu kisicho na uso. Mnajua maana yake. Mwanangu wa pekee alikuwa amenifungia. Nikajaribu kwa Mzee Temba, baba yake Joel. Kichwa cha kijivu.

Elia alipokea.

"Shemeji, mtandao ulikatwa!" nilipiga kelele mpaka mhudumu akageuka.

"Miezi miwili na nusu ulikuwa unapatikana."

"Kwa kuibia! Kwa dakika!"

"Na saa ile ile ya posa ndiyo ukakatika."

"Ndiyo! Ndivyo ilivyokuwa!"

Akavuta pumzi. "Shemeji, sisi siyo watoto. Krismasi ulisema mbele ya watu. Mzee Temba ameniambia hatakanyaga tena Magomeni. Naye Upendo tumwache kwanza."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko ukuta wenyewe. Waliofunga mtandao hawakusema neno hata moja dhidi ya Joel. Neno nilikuwa nimelisema mimi, wao wakanizuia tu kulifuta. Sambusa ilibaki mezani.

Kutoka uwanjani, mvua ikinyesha

Bongo ilinipokea kwa mvua. Dereva wa teksi alikuwa kijana mcheshi.

"Shikamoo mama. Tunaenda wapi?"

"Marahaba. Magomeni, haraka."

"Magomeni ngumu leo mama. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa tangu asubuhi. Labda tuzunguke, lakini na kwenyewe foleni haisogei."

Nikasema basi Kariakoo. Njiani nikaomba hotspot ya dereva, nikafungua simu nitazame ukurasa wa Joel, nijue kama ameandika chochote kuhusu sisi. Mtandao ule alioanzia kazi, ule wa maneno mafupi. Kiduara kikazunguka. Nikapiga mgongo wa kiti cha mbele kwa mkono.

"Hata hapa?"

Dereva akachungulia kwenye kioo. "Huo umefungwa mama. Washa VPN."

"VPN? Mimi niko nyumbani!"

"Kila mtu anayo. Hata mimi." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu garini. "Ila usiiseme sana mama."

Jamani nilifoka. Nilimfokea kijana wa watu asiye na kosa kuanzia Tazara mpaka karibu na Gerezani. Nilimwambia nimetoka kwa watu wanaofunga, nimevuka bahari, nimekula tambi za kikombe, nimefika kwetu ninakozungumza lugha yangu, na bado naambiwa nichungulie. Na nimwambie nani? Yeye ananiambia nisiseme. Aliongeza sauti ya redio kidogo kidogo, kwa heshima.

Nikaiwasha VPN ile ile iliyonifia Jumamosi. Ikashika mara moja, bila aibu. Video ya mwisho ya Joel ilikuwa ya Ijumaa. Ameshika shati jipya kwenye hanga, anacheka: "Ndugu zangu, kesho vyakula hakuna. Kesho naenda kuposa, niombeeni." Chini yake watu kibao wanauliza, vipi kaka, mambo yalikuwaje? Hakumjibu hata mmoja.

Nilizima simu. Nilikumbuka kwamba mtandao huo ulipofungwa, Upendo aliniambia Joel amepoteza watazamaji wengi, sasa anapika pilipili ya chupa na kuisambaza mwenyewe maofisini. Mimi nilimjibu, "Si nilisema?" Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto wangu.

Narung'ombe, mbele ya droo

Duka langu lilikuwa limefungwa, kwa sababu Damas anakaa Manzese na Jangwani ilikuwa imemzuia kama ilivyowazuia wote wa upande ule. Funguo za mlango ninazo. Ya droo hapana.

Mkabala na duka langu ni duka la vitambaa la Mzee Pravin, Mhindi aliyezaliwa mtaa huo huo, mtu wa miaka sabini na kitu, mnung'unikaji wa kwanza Kariakoo nzima. Aliponiona na begi hakunipa hata pole.

"Wewe si uko China? Mvua yote hii umekuja kufanya nini?"

Nikaazima simu yake nimpigie Damas.

"Mama! Umefika lini?"

"Simu ya China iko wapi?"

"Iko kwenye droo, kama ulivyosema."

"Damas, siku ya posa! Hukuwaza kwamba naweza kupiga huko?"

Akasema taratibu, "Mama, ulisema isitoke dukani hata kiama kikija. Ulinisema mbele ya wateja."

Nilimsema kweli. Na niseme nini sasa? Nilikuwa nimetukana kuta za watu kwa siku mbili, na mbele yangu kulikuwa na droo niliyoifunga mwenyewe. Mzee Pravin akavuka barabara na bisibisi kubwa. Tulivunja kufuli. Simu ilikuwa imeisha chaji. Tukaichomeka kwake, nikamsimulia yote ya posa, ikawaka polepole, na ikaonyesha alama nyekundu, moja juu ya nyingine, simu thelathini na moja zisizopokelewa, na katikati ujumbe wa sauti wenye kidoa kwamba haujasikilizwa na mtu. Sikuugusa. Niliogopa.

"Mpelekee huyo mzee wa Kigamboni," alisema Pravin. "Asikie."

"Hatafungua mlango. Amenifungia hata simu."

Hapo ndipo nilipokumbuka isale. Wachaga mnalijua, wengine nawaeleza: ni jani refu la kijani la mmea tunaoupanda mipakani kwetu mlimani. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea kwa mkono wa mtu mzima anayeheshimika, na aliyepokea isale hawezi kukataa kukusikiliza. Hiyo haihitaji VPN. Mwanamke mmoja wa Marangu, ghorofa ya tatu Mtaa wa Sikukuu, amelipanda kwenye kopo la rangi barazani kwake. Nilipanda ngazi nikihema, akanikatia jani moja bila kuniuliza swali, maana isale haliombwi kwa maswali.

Lakini mtu mzima wa kulibeba? Elia yuko ng'ambo ya maji na haniamini. Mume wangu yuko kaburini. Nilisimama mlangoni kwa Pravin na jani langu, nikamweleza, mvua inatiririka kwenye mabati.

Akavaa koti. "Twende, mimi nitabeba."

"Mzee, wewe siyo Mchaga."

"Na wewe siyo Mchina, umekaa miezi mitatu kasoro. Upendo kajifunza kuhesabu kwa vifungo vyangu. Funga duka."

Kivukoni, foleni ya pantoni

Mvua ilikatika tulipofika Kivukoni, na foleni ya pantoni ilikuwa imefika mpaka barabarani, kila mtu amechelewa, kila mtu analaumu mwenziwe. Nilikuwa sijala cha maana tangu tambi. Upande wa Feri wachuuzi walikuwa wanakaanga samaki, nikanunua changu mzima na ndimu nikamla nimesimama, mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mzee Pravin hali kitu chenye damu tangu azaliwe. Alisimama mbali, leso puani, isale mkono mwingine akiliinua juu lisiguse mtu.

"Nitafutie mihogo," aliagiza.

Nikamletea ya kukaanga. Akaitazama. "Mafuta haya, samaki aliogelea?"

Nikarudi kumwuliza mkaangaji. Akaapa kwamba karai la mihogo ni lake peke yake. Pravin akala vipande viwili, akanung'unika pilipili haitoshi. Akatokea mzee mmoja kwenye foleni, Mchaga wa Rombo kwa matamshi yake, akaliona jani mkononi mwa Mhindi, akavua kofia.

"Mzee, umekosana na nani?"

"Sijakosana na mtu," alisema Pravin. "Nimetumwa."

Yule mzee akageuka akawaambia waliotutangulia, "Jamani, wapisheni hawa, wamebeba isale." Wengine hawakuelewa, lakini wakapisha. Nami nilikuwa nimekaa miezi karibu mitatu bila mtu kunipisha popote.

Kigamboni, kwa Mzee Temba

Alifungua Mama Joel. Aliponiona akarudi nyuma. Alipomwona Mhindi amesimama wima na isale lililofungwa fundo, akaita ndani, "Baba Joel, njoo uone."

Mzee Temba alitoka na miwani mkononi. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache. Mzee Pravin akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Mimi Pravin wa Narung'ombe. Huyu ni jirani yangu miaka ishirini na nane. Mkali, mchoyo wa punguzo, lakini siyo mwongo. Nimembebea isale lake."

Mzee Temba alilitazama jani. Kisha akalipokea. "Basi karibuni. Siwezi kukataa." Alisema bila tabasamu.

Tulikaa. Joel alikuwa kwenye kona, hakuniamkia kwanza, kisha adabu ikamshinda, "Shikamoo mama." Nikajibu marahaba. Nikaeleza yote, ukuta, birika, droo. Mzee Temba alisikiliza kama anayesikiliza injini.

"Mama," alisema mwishowe, "maneno ni mazuri. Lakini leo ni Jumatatu. Jumatatu kila mtu anaweza kusema ndiyo. Mimi nilikaa Magomeni Jumamosi natazama kioo cheusi mbele ya ndugu zangu."

Nikatoa simu ya China. Nikabonyeza ujumbe. Kiduara kikazunguka. Simu ile huwa inatumia mtandao wa duka, haina hata kifurushi. Nilitaka kuitupa ukutani, na safari hii ukuta ulikuwa wa matofali, ungepokea vizuri.

Joel akanyanyuka. Akachukua simu mkononi mwangu, akawasha hotspot ya kwake, ile anayorushia video zake, akaunganisha. Hakusema neno. Ningekuwa yeye ningelisema, lile la Krismasi, lingenistahili kabisa.

Sauti yangu ikajaa sebuleni.

"Damas! Wewe Damas, pokea! ... Haya. Nasema hata kama hamnisikii. Mimi Mama Upendo. Wageni nimewapokea. Ndiyo. Nasema ndiyo. Joel, baba, lile neno la Krismasi nilikosea, na siku nyingi nilitaka kukwambia nikaona aibu. Mwanangu nakupa. Mzee Temba, usiinuke, nakuomba kaa ule, chakula kitapoa..." Halafu ni kilio, na matusi kwa walioweka ukuta, matusi ambayo Mama Joel alijifanya kukohoa ili yasisikike, na Pravin akatazama dari.

Mzee Temba alivaa miwani. Akaomba simu, akausoma muda wa ujumbe. Jumamosi. Saa saba na dakika ishirini na mbili.

"Saa hiyo nilikuwa bado nimekaa," alisema. "Niliinuka saa tisa kasoro." Akamgeukia mkewe. "Mama Joel, hawa wageni hawajala. Na huyu mzee muulize anakula nini."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na nilikuwa bado na hasira, vyote pamoja. Waliomfungia mzee huyu karibu saa mbili kwenye kochi langu hawatamwomba radhi kamwe, wala Upendo, wala mimi. Hawajui hata kama tupo.

Joel alipiga simu ya kawaida Magomeni. Upendo alipokea kwa sauti ya mtu aliyelia siku mbili. Joel hakumwambia nimekuja. Aliweka simu yake ubavuni mwa simu ya China, akabonyeza, na tukausikiliza tena wote, mpaka kwenye matusi, mpaka mwisho.

Nikadhani simu ya Magomeni imekatika.

"Upendo?" nikasema.

"Mama? Uko wapi?"

"Niko Kigamboni, mwanangu. Kwa wakwe zako."

Kisha akamwambia Joel, "Rudisha nyuma. Pale aliposema ndiyo."

Joel akarudisha.